Kutoka katika Soko la Pamoja: Ni Nani Anayewasemea Watu?

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme nanyi juu ya swali ambalo limekuwa likizungushwa katika mikutano yetu midogo kwa muda sasa, hasa na wanachama wanaovusha bidhaa Busia na Namanga, na wale wanaolima kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Swali lenyewe ni hili: nchi iliyomo katika umoja wa biashara ikitaka kutoka, ni nani mwenye haki ya kusema "tutoke" au "tukae"? Je, ni wenye viwanda, ambao ndio wazijuao hesabu? Ni wabunge, ambao tumewatuma? Au ni kila mwenye kura, awe na duka au awe hana hata kibanda?

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa habari za Uingereza. Hapana nchi nyingine katika siku zetu iliyolijadili kwa sauti kubwa kama ile, na vumbi la mjadala wao lilitufikia hata sisi huku. Baada ya hapo tutarudi nyumbani, kwa maana Afrika Mashariki nayo iliwahi kuvunja umoja wake.

Waingereza waliingia katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, wakati wa Waziri Mkuu Edward Heath, baada ya kukataliwa mlangoni mara mbili na Rais de Gaulle wa Ufaransa, mwaka 1963 na mwaka 1967. Wananchi hawakuulizwa kwanza. Waliulizwa miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1975, na watu 67 katika kila 100 waliopiga kura wakakubali kukaa. Siku zile Bi. Margaret Thatcher alikuwa upande wa kukaa, na miongoni mwa wakubwa waliotaka kutoka alikuwamo Tony Benn, waziri wa chama cha Leba. Twalitaja hili kwa makusudi, maana vijana wengi hudhani ya kuwa kutoka lilikuwa daima ni neno la upande mmoja wa siasa. Hoja ya Benn haikuwa bei ya siagi. Yeye alishika kwamba mwananchi asiyeweza kumwondoa kwa kura yake yule anayemtungia sheria hajitawali, hata sheria yenyewe ikiwa njema. Hoja hiyo ililala miaka arobaini, kisha ikaamka.

Na tuseme kweli, ilikuwa hoja yenye nguvu, ingawa ilikuwa na tundu pia. Katika Umoja wa Ulaya, sheria hupendekezwa na Kamisheni iliyoko Brussels, na makamishna wake hawachaguliwi na watu kwa kura. Lakini pendekezo halipiti mpaka liende kwa mawaziri wa serikali za nchi wanachama, na mara nyingi kwa Bunge la Ulaya vilevile, ambalo tangu mwaka 1979 wajumbe wake huchaguliwa na wananchi wenyewe. Uingereza ilikuwa na viti 73 katika Bunge hilo wakati wa kura ya 2016. Walipoitwa kuchagua wajumbe hao mwaka 2014, ni watu wapatao 35 tu katika kila 100 waliokwenda kupiga kura. Mtu asiyehudhuria baraza, kisha akalalamika ya kuwa baraza halimjui, wazee wetu wangemwuliza alikuwa wapi siku ya baraza. Lakini wangeliuliza baraza nalo kwa nini watu wake hawalijali, na swali hilo la pili halikujibiwa vizuri Brussels.

David Cameron aliahidi kura ya maoni mwezi wa Januari 2013, akaurudia ujumbe huo katika uchaguzi wa 2015, akashinda, na siku ikawekwa: tarehe 23 Juni 2016.

Sasa tufike kwa wafanyabiashara, na hapa twaomba mtuvumilie tukikaa kidogo, kwa sababu sisi nasi ni chama chenye halmashauri.

Mwezi wa Februari 2016 wakuu wa makampuni wapatao mia mbili walitia sahihi barua katika gazeti la The Times wakitaka nchi ibaki katika Umoja. Shirikisho kubwa la wenye viwanda, liitwalo CBI, nalo lilikuwa upande huo. CBI lilizoea kusema ya kuwa linawasemea wafanyabiashara 190,000. Idadi hiyo ilikuwa kweli kwa namna fulani, lakini walio wengi kati yao hawakuwa wanachama wa shirikisho wenyewe. Walihesabiwa kwa kuwa vyama vyao vidogo, kama vile chama cha wakulima, vilikuwa vimejiunga. Shirikisho lilipowauliza wanachama wake mwezi wa Machi 2016, waliojibu walikuwa 773. Kati ya hao, 80 katika kila 100 waliona kukaa ni bora, 5 waliona kutoka ni bora, na waliobaki hawakuwa na uhakika. Basi, pima wewe mwenyewe njia iliyopo kati ya 773 na 190,000. Hatusemi kwamba shirikisho lilidanganya. Twasema kwamba mwenye duka la misumari katika mji mdogo alisikia redioni ya kuwa "wafanyabiashara wanataka kukaa," naye hakukumbuka kuulizwa.

Muungano wa Vyama vya Biashara vya Uingereza ulifuata njia nyingine. Ulijua ya kuwa wanachama wake wamegawanyika, ukaamua kutoshika upande wowote, ila kuchapisha maoni ya wanachama kama yalivyo. Halafu, mapema mwezi wa Machi, mkurugenzi mkuu wake, John Longworth, akasema hadharani ya kwamba kwa maoni yake nchi ingefanikiwa zaidi ikiwa nje. Alisimamishwa kazi, na baada ya siku chache akajiuzulu. Kelele zikawa nyingi. Waliotaka kutoka walisema amenyamazishwa na wakubwa. Wengine walisema amevunja neno la chama chake. Sisi tunaona ya kuwa wote wawili walikuwa na haki kwa kipimo chao: Longworth kwa kuwa ni raia na ana ulimi wake, na muungano kwa kuwa mtu anayelipwa na wanachama wote hawezi kusimama jukwaani akavaa kofia ya chama na kusema ya moyoni mwake. Kofia angeivua kwanza. Wenye mali wenyewe hawakuwa kundi moja, kwani Sir James Dyson, mtengenezaji wa mashine za kufagilia, na Lord Bamford wa mashine za JCB, walitaka kutoka.

Kura ikapigwa. Waliosema "tutoke" walikuwa 17,410,742 na waliosema "tukae" walikuwa 16,141,241; yaani karibu 52 kwa 48 katika kila mia. Skotlandi walitaka kukaa, 62 katika kila 100; Ireland ya Kaskazini vilevile walitaka kukaa; mji wa London vivyo hivyo. Uingereza yenyewe nje ya London, pamoja na Wales, ndiyo iliyotoa ushindi kwa wa kutoka. Wiki moja kabla ya kura, mbunge Jo Cox aliuawa akiwa katika kazi ya kuwasikiliza watu wa jimbo lake. Hatuwezi kuusimulia mjadala ule bila ya kumtaja.

Kuna jambo moja ambalo huenda wengi hapa hamkulisikia. Katika kura ile, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakikaa Uingereza kwa halali waliruhusiwa kupiga kura. Mkenya aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi Birmingham alikuwa na kura. Mfaransa aliyeishi na kulipa kodi London miaka ishirini hakuwa nayo, wala Mwingereza aliyehamia Uhispania zaidi ya miaka kumi na mitano, ingawa wote wawili jambo hilo liliwahusu mpaka jikoni. Kwa hiyo hata neno "watu wote" lina mipaka yake, na mipaka huwekwa na anayeitunga sheria ya kura.

Mjini Sunderland, kaskazini ya nchi, kiko kiwanda cha magari cha Nissan, kilichofunguliwa mwaka 1986, nacho kiliajiri maelfu ya watu na kuuza magari mengi Ulaya. Mji ule ulipiga kura ya kutoka, 61 katika kila 100. Magazeti mengi ya London yalishangaa, yakauliza watu wale wana akili gani. Sisi hatukushangaa sana. Mtu anaweza kujua kwamba mkate wake unatoka kiwandani, na bado akataka kuulizwa juu ya mambo ya nchi yake, hasa akiwa ameona miaka mingi meli zikiacha kuundwa na migodi ikifungwa, na hakuna aliyemwuliza. Lakini tazama lililofuata. Miezi michache baada ya kura, waziri wa biashara aliiandikia Nissan barua ya siri ya kuituliza, na mwezi wa Oktoba 2016 kampuni ikatangaza ya kuwa itatengeneza magari mawili mapya pale. Barua ile haikutolewa hadharani mpaka Februari 2019, wakati kampuni ilipolirudisha nyuma neno lake kuhusu gari moja kati ya hayo mawili. Wenye kampuni kubwa, basi, walipata barua ya waziri. Mvuvi wa kamba hakupata barua.

Kuhusu Bunge, habari zake ni ndefu na tutazikata. Serikali ilitaka kuanza safari ya kutoka bila kupata idhini ya Bunge. Mahakama Kuu Kabisa ikaamua tarehe 24 Januari 2017, majaji 8 kwa 3, ya kuwa Bunge lazima lipige kura. Likapiga, likakubali, na taarifa ikapelekwa Brussels tarehe 29 Machi 2017. Kisha Waziri Mkuu Theresa May alipoleta mapatano yake, wabunge waliyakataa tarehe 15 Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, wakayakataa mara ya pili na ya tatu. Katika mwezi wa Septemba mwaka huo huo majaji 11 kwa sauti moja walisema ya kuwa Boris Johnson amelifunga Bunge kinyume cha sheria.

Ugumu wote huo ulitoka mahali pamoja. Karatasi ya kura ya 2016 iliwauliza watu kama wakae au watoke. Haikuwauliza watoke kwa mlango upi. Kukaa katika soko bila kuwa katika Umoja, kama Norway? Kutoka katika forodha ya pamoja pia? Na mpaka wa Ireland ukae wapi? Kila mbunge alijaza jibu lake na kusema ndilo walilolitaka watu. Katika uchaguzi wa Desemba 2019 Johnson alipata wingi wa viti 80, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka. Grinlandi ndiyo iliyowatangulia, ilipotoka mwaka 1985 kwa ajili ya samaki wake.

Mapatano ya biashara na Ulaya yalikamilika siku ya kuamkia Krismasi ya 2020. Yalikuwa kurasa zaidi ya 1,200. Tarehe 30 Desemba Bunge lilipewa siku moja tu, likapitisha sheria yake kwa kura 521 dhidi ya 73. Wale waliosema ya kuwa wanataka madaraka yarudi Bungeni hawakulalamika sana siku hiyo, na sisi tuliokuwa tukisikiliza kwa mbali tulitikisa kichwa. Mwezi wa Januari 2021 malori ya wauza samaki wa Skotlandi yalikwenda kujipanga karibu na ofisi ya Waziri Mkuu kulalamika, maana hati za forodha na za afya zilikuwa nyingi na samaki hangoji mhuri. Ireland ya Kaskazini, iliyokuwa imetaka kukaa, ilipewa sheria zake peke yake, na ukaguzi ukawekwa kati yake na nchi ileile ambayo ni sehemu yake.

Vumbi hilo lilitufikiaje? Mpaka mwisho wa 2020 chai yetu, maua yetu na mishiri yetu viliingia Uingereza bila ushuru chini ya mipango ya Ulaya. Mipango hiyo ilikuwa inakwisha tarehe 31 Desemba. Uganda, Tanzania na Rwanda hazikuwa na hofu kubwa, kwa kuwa zimo katika hesabu ya nchi maskini zaidi na hupata mlango wazi bila mapatano. Kenya haimo katika hesabu hiyo. Ilibidi mapatano mapya yatiwe sahihi London tarehe 8 Desemba 2020, na Bunge letu likayapitisha mwezi wa Machi 2021. Mkulima wa mishiri wa Kirinyaga au wa Machakos hakuwa na kura Sunderland, lakini uamuzi wa Sunderland ulifika shambani kwake. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Oktoba 2014, mapatano ya Afrika Mashariki na Ulaya yalipochelewa, maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya kwa muda wa karibu miezi mitatu.

Katika jambo hili lipo tendo la wakulima wa Kenya ambalo latupa fahari. Mwaka 2007 jumuiya ya wakulima wadogo ilikwenda Mahakama Kuu Nairobi, ikashitaki ya kuwa Serikali yafanya mapatano na Ulaya pasipo kuwauliza wale watakaoumia. Kesi ilikaa miaka. Mwezi wa Oktoba 2013 mahakama iliamua ya kuwa Serikali haina budi kuweka njia ya kuwashirikisha watu katika mazungumzo ya namna hiyo, wakiwamo wakulima wadogo. Katiba ya 2010 ilikuwa imekwisha kulitia neno hilo katika kifungu cha 10, kwamba ushiriki wa wananchi ni msingi wa utawala. Wakulima wale hawakuwa na barua ya waziri. Walikuwa na wakili na uvumilivu.

Tuje sasa kwetu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Desemba 1967. Ilikuwa na reli moja, bandari, posta na simu, na shirika moja la ndege. Ilivunjika mwaka 1977. Katika nchi zote tatu haikupigwa kura ya maoni hata moja. Ugomvi wa fedha, hasira juu ya nani anafaidi viwanda, tofauti za siasa, na Idi Amin ambaye Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, vyote vilijadiliwa na wakubwa. Mwezi wa Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, nao ukakaa hivyo mpaka 1983. Mali ya Jumuiya ilikuja kugawanywa kwa mapatano ya 1984: Kenya sehemu 42 katika 100, Tanzania 32, Uganda 26. Injini za treni ziligawanyika vizuri kuliko pensheni. Huko Tanzania wastaafu wa Jumuiya walikuwa bado wanadai haki zao mahakamani karne mpya ilipoingia. Humu ukumbini wamo wazee waliokuwa watumishi wa reli ile, na hatuhitaji kuwafundisha lolote juu ya kuvunjika kwa umoja wa biashara.

Jumuiya ya sasa, iliyoundwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999 na yenye nchi wanachama nane tangu Somalia ilipoingia mwaka 2024, imeandika mlango wa kutokea. Ni kifungu cha 145. Nchi ikitaka kutoka, Bunge lake la taifa lazima likubali kwa theluthi mbili za wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha itoe taarifa ya miezi kumi na miwili. Sisi twaona huu ni mlango ulio bora kuliko wa Waingereza, kwa sababu mbili. Theluthi mbili hazipatikani kwa hasira ya wiki moja. Na mbunge anayepiga kura anajulikana kwa jina, tena atarudi kwenu kuomba tena. Lakini mkataba hausemi ya kuwa wananchi waulizwe. Hata wajumbe wetu tisa katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha huchaguliwa na wabunge, si na sisi. Na kwa mzaha wa bahati, kifungu kinachosema hivyo ni cha 50, nambari ileile ya kifungu ambacho Waingereza walikitumia kutoka Ulaya. Mtu akisikia "kifungu cha 50," aulize kwanza ni cha nani.

Wapo kati yetu waliopendekeza ya kuwa chama hiki kitoe tamko juu ya ushuru na vikwazo vya mpakani, na juu ya wale wanaosema Kenya ingepata faida zaidi ikifanya mapatano peke yake, kama ilivyofanya na Uingereza mwaka 2020 na ilivyofanya tena na Umoja wa Ulaya, mapatano yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Halmashauri haikukataa, ila imesema haitatoa tamko kwa niaba ya wanachama ambao haijawauliza. Nasi tunakubaliana nayo. Karatasi za maswali ziko kwa Katibu. Swali la kwanza linahusu bidhaa unayovusha, swali la pili linahusu unacholipa na unamlipa nani, na la tatu ni kama ungependa Kenya ikae au itoke, pamoja na sababu. Asiyejua kuandika atasaidiwa na wanachama vijana, wala jina la mtu halitaandikwa. Karatasi zitapokelewa mpaka siku ya mwisho ya mwezi ujao, na idadi ya waliojibu itatangazwa pamoja na majibu yenyewe, hata wakiwa wachache.